Muuza Spika na Upande wa Kushoto

Muuza spika ana vidole virefu vinavyoshika waya taratibu, kama mtu anayetoa mwiba mguuni mwa mtoto. Mimi nashona viatu mlangoni pa duka lake, hivyo namwona kutwa. Mteja akitaka spika ndogo za kuweka juu ya kabati sebuleni, humpa kiti, huwasha wimbo wa polepole, kisha huchuchumaa mbele ya kila spika na kuitegea sikio la kulia, macho kayafumba. Watu husema huo ndio ufundi wenyewe.

Juzi alikuja mama mmoja na mumewe, wakashindwa kuchagua kati ya jozi mbili. Wateja walikuwa wengi, naye hakuchuchumaa. Alisimama katikati akasifu, "Sikia hizo, dada! Kulia na kushoto zinaitikiana."

Mama akacheka. "Zinaitikiana na nani, kaka? Ya kushoto imelala fofofo."

Kumbe muuza spika hakuwa ameiunga waya. Mume akamshika mkewe mkono. "Twende, tutauziwa mbuzi kwenye gunia."

Muuza spika akajigusa sikio la kushoto. "Si utapeli, mzee. Hili halisikii tangu nilipougua utotoni. Sijamwambia mtu hapa dukani."

Mimi nikainamia kiatu. Mama akajitoa mkononi mwa mumewe, akavuta kiti mpaka kando ya muuza spika.

"Unga waya," alisema. "Kulia sikiliza wewe, kushoto niachie mimi."