Tambara Jekundu Kwenye Usukani

Tarehe 9 Juni 2014, siku ya Jumatatu, fundi umeme wa magari ambaye wateja wake humwita Kipimo alikabidhiwa cheti cha daraja la kwanza. Cheti hicho kinaning'inia karakanani kwake hadi leo, juu ya jokofu la soda lililokufa siku nyingi, ambalo mwenyewe, kwa aibu au kwa ukaidi, hajawahi kulipima.

Vingine vyote hupima. Jina limetoka huko. Gari likiingia linakohoa, wenzake hukimbilia spana. Yeye huchukua mita, akagusisha ncha moja kwenye betri na nyingine kwenye waya, kisha akanyamaza kama daktari anayesikiliza kifua. Wateja wenye haraka humsonya. Hageuki.

Karakana yake ina sheria moja, na aliitunga yeye. Fundi akifunga kitu kwa muda tu huku akisubiri kipuri, lazima afunge tambara jekundu kwenye usukani wa gari hilo. Mteja akiuliza la nini, aambiwe ukweli. Tambara halitoki mpaka kazi imalizike. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," huwaambia mafundi wake, na wao humwigiza akiwapa kisogo.

Gari moja tu liliwahi kutoka bila tambara, na lilikuwa la mama mkwe wake.

Mama mkwe ni mkunga mstaafu, mjane, mwenye gari dogo la rangi ya maziwa ambalo ni kuukuu kuliko ndoa ya bintiye. Hulitumia kwenda sokoni, kliniki, na kuwaona watoto aliowazalisha, ambao wengine sasa wana vitambi. Msimu wa joto uliopita aliliingiza karakanani akiwa amevua viatu.

"Mwanangu, gari linanipika miguu. Nikizima hita, moto. Nikiwasha, moto."

Uwanja ulikuwa umejaa magari siku hiyo. Kipimo alifungua boneti akaliona tatizo bila kutafuta sana: valvu inayoruhusu maji ya moto ya injini kuingia kwenye kirejeta kidogo nyuma ya dashibodi ilikuwa imekwama wazi. Kipuri cha gari la umri ule hakipatikani kwa siku moja. Basi akaichomoa mipira miwili inayopeleka maji huko ndani, akaiunganisha yenyewe kwa yenyewe kwa kipande cha bomba, maji yakawa yanazunguka nje bila kuingia ndani. Kazi iliisha kabla mama mkwe hajamaliza chai yake.

Kisha akachukua tambara. Lilikuwa na grisi. Usukani wa mama mkwe ulikuwa umevishwa kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe kwa uzi, tundu kwa tundu, na hakikuwa na doa. Kipimo akasimama na tambara mkononi. Kumfungia mama mkwe uchafu ule, halafu amwambie kwamba kazi yenyewe ni ya kuzugia, ulimi ulikuwa mzito.

"Imepona, mama," akasema, na tambara likarudi mfukoni.

Alikusudia kutafuta valvu wiki hiyo hiyo. Wiki ikazaa wiki, na jambo likamtoka.

Msimu wa baridi ulipoingia, hita ikawa inapuliza ubaridi mtupu. Mama mkwe hakutaka kumsumbua mkwewe, maana alijua ana kazi nyingi. Alikwenda kwa fundi wa jirani na kituo cha mafuta, anayeitwa Kinanda kwa sababu vidole vyake havitulii juu ya boneti ya mtu. Kinanda alibadilisha paneli ya kuchagulia moto na baridi, pamoja na waya wake wa kuvuta. Ubaridi ukabaki pale pale. "Bibi, safari zako ni fupi," akamwambia. "Injini haipati nafasi ya kuchemka."

Asubuhi moja ya baridi kali, kioo cha mbele kilijaa ukungu kwa ndani. Mama mkwe alikifuta kwa mtandio, kikajaa tena. Alipokuwa akikata kona kuingia kliniki akagonga nguzo ya geti. Gari lilibonyea kidogo. Yeye alivunjika kifundo cha mkono wa kulia.

Familia ilikutana sebuleni kwa Kipimo. Mama mkwe aliketi kwenye kochi la peke yake, mkono umelala kwenye plasta.

"Ile hita inapuliza kama pumzi ya kaburi," akaeleza. "Kioo kilijaa ukungu, sikuona nguzo."

"Mama, hita imetengenezwa," mke wa Kipimo alisema. "Umewekewa paneli mpya nzima. Ni macho, mama. Tukubali tu. Uzee si ugonjwa."

"Kama si ugonjwa, mbona mnanitafutia dawa?"

Wote wakacheka, isipokuwa Kipimo. Neno pumzi ya kaburi lilikuwa limemfunulia boneti ile kichwani, akaiona mipira miwili imeunganishwa kama alivyoiacha, wazi kabisa, kama vile imewekwa mezani kati ya vikombe. Akafungua mdomo. Shemeji yake akamtangulia.

"Na huyo Kinanda naye ni kanjanja. Anapiga ngoma kwenye magari ya watu, ufundi hana."

"Mwacheni," Kipimo akasema. Hilo ndilo neno pekee alilolitoa mpaka kikao kikaisha.

Ikaamuliwa gari liuzwe. Kipimo airekebishe hita kwanza, kwa kuwa mnunuzi hakosi kuuliza. Mkewe akachukua ufunguo kwenye mkoba wa mama yake, kwa upole, kama anavyonyang'anywa kisu mtoto.

"Haya, wengi wape," mama mkwe akasema. Kisha, akiutazama mkono wake: "Labda ni macho kweli."

Maneno hayo ya mwisho yalimfuata Kipimo kazini. Alikuwa akipima betri ya lori, mshale unapanda, naye anayasikia. Mkewe akimuuliza ana nini, alijibu mgongo. Mgongo wake haukuwa na neno.

Jumamosi alikwenda uani kwa mama mkwe na sanduku la vifaa na ufunguo aliopewa na mkewe, na uongo aliouandaa ulikuwa mzuri. Angerudisha mipira mahali pake, halafu aseme kulikuwa na hewa iliyonasa kwenye maji. Jambo hilo hutokea, na hakuna fundi ambaye angebisha. Valvu iliyokwama wazi ingetoa moto mfululizo, na katika baridi ile nani angeita moto ubovu?

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kumwosha maiti?"

"Gari halijafa, mama."

"Linauzwa. Ni yale yale."

Akavuta kigoda akakaa karibu na tairi la mbele, akawa anampa vifaa kwa mkono wa kushoto. Kipimo akaanza kupima vitu ambavyo tayari alikuwa na jibu lake. Fyuzi ilikuwa nzima. Feni ilipuliza kwa kila kasi. Akasogeza kijiti cha paneli kutoka baridi kwenda moto. Waya ulivuta vizuri, bila kukwaruza. Paneli ya Kinanda ilikuwa imefungwa kwa usafi kuliko mafundi wake wawili wangeweza. Injini ikachemka, hewa ikabaki baridi. Akarudi kwenye fyuzi. Akaipima tena. Akasogeza kijiti tena.

"Nimekaa na wajawazito maisha yangu yote," mama mkwe akasema. "Mkunga akipapasa mara tatu mahali pamoja, ameshaona kitu anachoogopa kukitamka."

"Hakuna kilichoharibika, mama."

"Basi nimeharibika mimi."

Kipimo akazima injini. Uani kukawa kimya, isipokuwa rejeta iliyokuwa inalialia ikipoa.

"Si macho yako," akasema. "Ni mimi. Njoo uone."

Akamwonyesha mipira miwili na kipande cha bomba katikati. Akamweleza siku ya miguu kupikwa, valvu iliyokwama, maji yanayozunguka nje, na kwa nini kioo hakingeweza kukauka hata angewekewa paneli kumi. Alieleza vizuri, kwa mpangilio, kama anavyowafundisha mafundi wapya, na alichukia jinsi anavyoeleza vizuri.

Alipomaliza, mama mkwe akauliza, "Siku ya kikao, ulikuwa unajua?"

"Nilikumbuka ulipotaja kaburi."

"Ukanywa chai."

"Nilikunywa chai."

"Mnafungaga matambara kule kwenu. Nimeyaona. Ningekuwa mteja mwingine, ungefunga?"

"Ningefunga."

"Kwangu ukaona aibu."

"Niliona heshima, mama."

"Heshima!" Akaunyanyua mkono wenye plasta mpaka mbele ya pua ya Kipimo. "Hii hapa heshima yako. Imefungwa vizuri sana."

Kipimo akainama, akalegeza klipu, akarudisha mipira mahali pake, maji ya moto yakimwagikia vidole. Hakuutoa mkono. Alipowasha injini tena, joto lilianza kutoka polepole kwenye matundu ya dashibodi. Mama mkwe akaingia upande wa dereva, akaweka kiganja cha kushoto mbele ya tundu, akakiacha hapo. Hakutabasamu.

"Nitawaambia wote," Kipimo alisema.

"Utawaambia wewe. Mimi sitakusemea, wala sitakukinga. Na anza na Kinanda, maana ametukanwa nyumbani kwako na wewe umekaa."

"Na gari?"

"Ufunguo atanirudishia aliyeuchukua, kwa mkono wake. Nikipona nitaendesha. Mengine yaliyo kati yangu na wewe, tutayaona. Leo sina neno zuri la kukupa."

Kipimo akafunga boneti. Akasimama mlangoni mwa gari, akatoa mfukoni tambara jekundu.

"Valvu bado imekwama, mama. Joto litakuwa linatoka muda wote, halizimiki. Hii ni kazi ya muda."

"Sasa unasubiri nini?"

Alilizungushia juu ya kitambaa cheupe. Grisi ikaacha doa kwenye uzi, kubwa kama kidole gumba, na wote wawili wakaliona.

"Kaza," mama mkwe akasema.

Valvu mpya inafika Jumatatu. Jioni hii Kipimo anakwenda kwanza kituo cha mafuta, kwa Kinanda, kisha nyumbani, kwa mkewe, akiwa na ufunguo mfukoni.