Kiwanda Kilichotafutwa Nakonde

Manase alikuwa fundi redio hapa Tunduma, mtaa wa Sogea, tangu enzi zile watu wanaanika betri juani ili zipate nguvu tena. Alitoka Hasamba akiwa kijana, akawaachia kaka zake kahawa ya baba yao, na hakuna aliyemlilia, maana shambani alikuwa mvivu wa kutupwa. Mpe jembe, atasinzia. Mpe redio iliyokufa, atasahau hata kula.

Kompyuta zilipoanza kuzagaa mjini, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, zilikuja na vispika vyake vya plastiki ambavyo vilikuwa aibu tupu. Wenye vibanda vya kurekodi nyimbo na wenye mabanda ya video walivifungulia sauti mpaka mwisho, vikakoroma siku mbili tatu, vikanyamaza. Wakampelekea Manase. Alifungua vingi mpaka akakasirika. Ndani hamna kitu! Basi akatafuta spika za malori yaliyochakaa, akazipigia makasha ya mninga, akaunda amplifaya ndogo kwa mkono wake, akaweka na waya wa kuchomeka kwenye kompyuta. Alipowasha mara ya kwanza, mkewe Stamili aliacha sufuria motoni, akaja mbio kuuliza ni nani anayeimba humo ndani.

Zilikuwa spika nzuri. Hakuna aliyezinunua.

"Umetengeneza wewe?" wateja waliuliza, wakizigongagonga kwa kidole kama mtu anayechagua tikitimaji. Wakisikia ndiyo, wanasema watapita kesho. Sisi watu wa mpakani tuna ugonjwa wetu huo. Kitu kikitoka upande wa pili tunakigombania, cha jirani tunakihoji kama mwizi.

Stamili ndiye aliyepata dawa. Siku moja alifunga pea mbili za spika kwenye khanga, akavuka nazo mpaka hadi Nakonde, upande wa Zambia, akanywa soda kwa shangazi yake, kisha akarudi nazo zile zile hadi kwa Zahoro, mfanyabiashara mwenye duka kubwa la vifaa vya umeme. "Zimetoka upande wa pili," alisema. Wala hakusema uongo. Zahoro alizisikiliza, akazichukua zote, akaagiza nyingine.

Hapo ndipo kazi ilipochanganya. Miaka saba baadaye Manase alikuwa na banda la mabati nyuma ya nyumba na mafundi wanane: maseremala, waunga nyaya, na Restuta, mjane mwenye watoto wadogo, ambaye vanishi yake ilikuwa inang'aa hadi unajiona uso. Mizigo ilivuka kwenda Nakonde na kurudi. Mara nyingine watu wa ushuru walimsimamisha Stamili, naye akalipia, huku amenuna, ushuru wa bidhaa iliyotengenezwa karibu na choo chake mwenyewe. Spika zilifika Vwawa, Itumba, hadi Kamsamba kwenye joto lote lile, na kila mahali watu waliziita "Zambia."

Manase alicheka pamoja na mkewe, ila kuna jambo lilimkaa rohoni. Kwenye harusi ya mpwa wake huko Hasamba alizikuta spika zake zinapiga muziki, na kaka yake mkubwa, Asajile, akamshika bega. "Mdogo wangu, sikia kazi za wenzako hao. Na wewe ungejitahidi kidogo." Manase angesema nini? Akifungua mdomo, Zahoro atajua. Zahoro akijua, atasusa, na akisusa, wale wanane watakula nini? Alitamani sana watu wajue kuwa ni kazi yake. Lakini alipomkumbuka Restuta na wanawe, alinyamaza.

Sasa asubuhi moja Zahoro mwenyewe akatokea Sogea, kanzu safi, fimbo mkononi.

"Fundi, funga duka. Twende Nakonde."

"Shikamoo, mzee. Kuna nini huko?"

"Marahaba. Nimechoka kununua kwa mkeo. Ni mama mwema, sikatai, lakini nataka kiwanda chenyewe. Wewe unajua vifaa, utanisaidia kukagua."

Manase akamtazama Stamili. Stamili akatazama dari.

Wakaenda. Walizunguka Nakonde duka kwa duka, jua kali, Zahoro anauliza kiwanda cha spika kiko wapi, Manase anatokwa jasho ambalo si la jua. Mwisho wakafika kwa Simukonda, muuza redio aliyefahamiana na Zahoro miaka mingi.

"Awe, mukwai, hapana bwana," Simukonda alitikisa kichwa. "Huku hakuna kiwanda. Hizo zinatoka kwenu. Mimi huwa namtuma mtu azinunue dukani kwako."

"Ananificha huyu!" Zahoro alifoka walipotoka. Akaketi juu ya kreti ya soda, akavua viatu. Miguu ilikuwa imevimba. Manase aliitazama ile miguu ya mzee, akajisikia vibaya kuliko siku zote.

"Mzee, turudi. Kiwanda hakiko huku. Mimi ninakijua."

Akamkongoja kuvuka mpaka, akampitisha uani hadi bandani. Misumeno ikanyamaza. Restuta akabaki ameinua brashi. Zahoro akaokota kasha ambalo halijapakwa vanishi, akaligeuza, akaligeuza tena.

"Ni mimi, mzee," Manase alisema. "Tangu mwanzo ni mimi."

"Miaka saba! Na leo umenizungusha juani, unaniona!"

"Nisamehe. Niliogopa. Ningekuambia siku ile, ungezichukua?"

Zahoro alikuwa mkali, lakini hakuwa mwongo.

"Nisingezichukua," alisema. Akavuta kigoda, akaketi. "Washa moja nisikie."

Alisikiliza wimbo mzima. Kisha akasema hataki tena mzigo uliovuka mpaka, na kila kasha liandikwe jina la fundi mwenyewe, mbele, lionekane. "Wakizikataa, watakuwa wamenikataa mimi," alisema. Mafundi hawakushangilia. Walikuwa wanawajua wateja wa Tunduma.

Manase aliupeleka mwenyewe mzigo wa kwanza wenye jina lake, dukani kwa Zahoro. Alikuwa bado anaupanga dukani alipoingia Masumbuko, mwenye banda la video kule Kamsamba, akasoma kasha, akakunja uso.

"Zile za Zambia zimeisha?"

Manase akaanza kurudi nyuma kuelekea mlangoni.

"Ndiyo hizi hizi," Zahoro alijibu. "Anayezitengeneza huyo hapo, anataka kukimbia."

Masumbuko akageuka. "Ni wewe?"

"Ni mimi," Manase alisema.

"Za kwangu zina mwaka wa nne, vumbi na joto, hazijawahi kunisumbua. Siku zote nilikuwa nasema, huyo mtu nikimwona nitampa mkono."

Akaunyoosha. Manase akafuta kiganja chake kwenye suruali, akaupokea, na machozi yakamtoka mbele ya wateja wote, wala hakuona haya.