Lebo za Wifi Yangu

Hospitalini wifi yangu wanamwita Mama Lebo. Anafanya kazi chumba cha kufulia, anashonea mashuka vitambaa vidogo vinavyoonyesha wodi. Shuka lenye lebo hurudi kitandani kwake; lisilo na lebo hutupwa nje kwenye rundo la matambara, hata likiwa jipya. Ni mwanamke wa maneno machache, ila utani haumwishi. Akikukuta umezubaa atakuuliza, "Na wewe nikushonee ya wodi gani?"

Mtoto wake ana miaka miwili na hajawahi kukaa mwenyewe. Vidole vimekakamaa, fizi zimevimba, kifua kinakoroma. Kaka yangu, baba yake mzazi, humshika kwa taulo, kisha huyo, mbio kunawa. Kunawa! Mate ya mwanawe wa kumzaa. Nikimwona pale bombani, ninayemwonea kinyaa ni yeye, si mtoto.

Majibu ya vipimo yalipotoka tulikwenda kaka, wifi na mimi, mtoto nimembeba mimi. Daktari alieleza taratibu. Ndani ya kila seli ya mwili mna vyumba, na protini hupelekwa kila moja kwenye chumba chake kwa alama yake. Kwa mtoto huyu, zile za kusafisha taka zinatengenezwa vizuri, lakini hazibandikwi alama. Basi zinatupwa nje ya seli, na uchafu unajaa ndani.

"Kumbe ni kama mashuka yangu," wifi akasema, akaanza kulia.

"Dawa ya kumponya hatuna," daktari akasema. "Na kasoro hii ameirithi kwa mama na kwa baba. Ya upande mmoja tu isingemdhuru."

Jumapili mama yetu akaita kikao. Alikuwa ameshaamua: wifi arudi kwao na mtoto wake, kaka aoe mwingine, ukoo usichafuke. Alichokosa ni neno la hospitali tu. Kaka akakohoa, macho makavu, akasema, "Daktari amesema ugonjwa umetoka kwenye damu ya mwanamke."

Wifi akamvuta mtoto kifuani. Mimi ndiye niliyeshindwa kuvumilia. Nyani haoni kundule, lakini huyu alikuwa ameonyeshwa!

"Muongo mkubwa wewe! Amesema pande zote mbili. Nilikuwepo, mtoto nilimpakata mimi."

Nilidhani mama atamgeukia yeye. Akanigeukia mimi, akashusha sauti.

"Nyamaza. Hayo yakitoka nje, wewe nani atakuoa?"

Hakuuliza mjukuu wake ataishi muda gani. Hakuna aliyeuliza. Walinitia kinyaa wote, damu yangu mwenyewe. Mate yalikuwa yanamtiririka mtoto shingoni. Nikayafuta kwa kiganja changu mbele yao, wala sikunawa.

Wifi akambeba mgongoni, akatoka. Nikachukua mfuko wa nguo zao, nikamfuata. Barabarani akageuka, macho mekundu.

"Na wewe nikushonee ya wodi gani?"

"Ile ile ya mtoto," nikamwambia.