Fomu Niliyokataa Kusaini

Watu wakiniuliza nilianzaje kidato cha tano, nawaambia ukweli: nilianza kwa utovu wa adabu, na sijatubu mpaka leo.

Mjomba ndiye aliyenipeleka shule, kutoka Mkunya hadi Masasi. Kwetu Wamakonde mtoto ni wa mjomba. Baba alibaki kupulizia mikorosho dawa ya salfa, wala hakuna aliyemuuliza kitu. Mama alikuja kama mbeba ndoo na godoro. Nilikuwa nimepangiwa fizikia, kemia na baiolojia, nami nilishapiga hesabu zangu zote: miaka miwili hapa, kisha chuo kikuu nikasomee famasia. Hata alama wanazotaka huko nilikuwa nimeshaziulizia.

Kumbe mjomba naye alikuwa na yake moyoni. Tulipokwisha kumwamkia makamu mkuu wa shule ofisini kwake, akasema, "Mwalimu, huyu mbadilishieni. Mwekeni historia na Kiswahili. Fizikia itamshinda, halafu atakayechekwa nani? Si mimi?"

Makamu akatoa fomu ya kubadilisha masomo. Mlezi anasaini, mwanafunzi anasaini, imekwisha. Mjomba akasaini chapuchapu, akanisukumia kalamu.

"Unisamehe mjomba, sisaini."

Loo! Kumkatalia mjomba mbele ya watu! Nikamrudishia kalamu yake. "Kama ni kufeli, acha nifeli fizikia niliyoitaka mwenyewe."

"Ah, siku hizi umeota mapembe!" Akamgeukia mama. "Mwambie mwanao asaini."

Mama alikuwa amekaa kwenye benchi karibu na mlango, ndoo iko miguuni. Tangu nizaliwe sikuwahi kumsikia akimpinga kaka yake. Niliogopa kweli. Mjomba ningeweza kumgomea, mama nisingeweza. Akisema nisaini, nasaini, na famasia ndiyo basi tena.

Akainuka taratibu, akajifunga kanga vizuri.

"Kaka," akasema, "huo ujomba wako umetoka tumboni mwangu. Nisingezaa mimi, leo ungekuwa mjomba wa nani?"

Mama akaichukua ile fomu mezani, akaikunja mara nne, akaipachika kiunoni kwenye kanga.

"Mwalimu, tuonyeshe bweni," akasema. "Mtoto wangu anataka kuanza kusoma."