Nilimkana Mpiga Piano Wetu

Nilimkana rafiki yangu mbele ya watu. Nakwambia mapema, kabla hujaanza kunionea huruma. Sikushikiwa bunduki. Sikuwa nimelewa. Niliulizwa swali moja, nikajibu uongo. Basi!

Wakati huo nilikuwa kiongozi wa bendi ya jazi kwenye shamba moja la mkonge nje ya Korogwe. Wazungu walikuwa wameondoka, shamba limekuwa la umma, na klabu yao tukapewa sisi wafanyakazi. Ndani waliacha piano, na sahani za santuri za jazi za yule meneja.

Aliyeijua ile piano alikuwa mmoja tu, Elia. Babake alikuja zamani kukata mkonge, yeye akazaliwa kambini na kujifunza kinanda kanisani. Alioa Mzigua wa Kwaluguru, Mwanaidi. Kila akienda ukweni alirudi na nyimbo za akina mama wa kule, za kupura mahindi. Kisha anakaa kwenye piano. Mkono wa kushoto unapiga ngoma ya Kizigua, wa kulia unatembea jazi, na katikati unasikia pambio la kanisani linapita kama mtu anayetafuta mlango.

Jamani, yule mtu alijua! Wazee wa Kiislamu waliokuwa hawakanyagi klabu walisimama nje dirishani kusikiliza.

Tatizo likawa hapo. Bendi yangu, gitaa langu, lakini watu wakitoka Mkumbara kuja dansini walisema, "Twendeni kwa Elia." Kwa Elia! Nilicheka nao. Moyoni nilikuwa naungua.

Zikaja habari kwamba watu wa redio watatoka Dar es Salaam kuja kurekodi bendi za mashambani. Elia alikuwa na wimbo mpya, mzuri kuliko yote. Nikajua watamuuliza yeye, si mimi.

Wiki hiyohiyo, operesheni ya kuhamia vijijini ikafika kambini kwetu. Asubuhi lori likasimama, mgambo wakashuka na ofisa mmoja. Mfanyakazi anabaki, asiye na kazi anapelekwa kulima kwenye kijiji kipya. Elia alikuwa amepunguzwa kiwandani, lakini mtu wa bendi alihesabika mfanyakazi. Orodha ya bendi nilikuwa nayo mimi.

Ofisa akaniuliza, "Huyu ni wa kwenu?"

Elia akatabasamu, kwa sababu jibu lilikuwa wazi.

Nikasema, "Hapana. Huwa anakuja tu kuichezea ile piano."

Tabasamu lake halikuondoka mara moja. Lilikaa kidogo usoni, kama halijasikia.

"Kaka," akaniambia, "waambie vizuri."

Nikatazama chini. Wenzangu wa bendi nao walinyamaza, maana mimi ndiye niliyekuwa nikiwapangia kazi. Elia na Mwanaidi wakapanda lori na godoro lao na sufuria mbili.

Nilijidanganya kwamba atarudi baada ya wiki mbili, mambo yakipoa. Ole wangu!

Watu wa redio walikuja. Ule wimbo mpya niliuhamishia kwenye gitaa, kipande cha piano chote nikakipiga mimi. Wakauliza, "Mtunzi nani?" Nikasema, "Mimi." Safari hii ulimi haukusita hata kidogo.

Ukapigwa redioni. Nikawa mtu! Nikipita stendi ya Korogwe naitwa kwa jina. Kisha wakaniomba wimbo wa pili. Nilikaa na gitaa miezi. Hakuna kilichokuja. Nikamkasirikia mpiga besi, nikamfukuza mpiga ngoma, na bendi ikafa mikononi mwangu.

Ndipo nikaenda kumtafuta. Nilipanda basi hadi Handeni, nikalala Chanika, mlemle mjini, kesho yake nikatembea hadi kile kijiji walichopelekwa, upande wa Kwaluguru. Njiani nilipanga maneno. Nitapiga magoti, nitasema nisamehe.

Nilimkuta Mwanaidi anapepeta mahindi.

"Karibu, shemeji," akasema. Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha.

"Elia yuko wapi?"

"Homa ilimchukua masika yaliyopita."

Nikakaa chini palepale, kwenye pumba.

Akanieleza bila kulia. Kwamba Elia alichonga ubao mrefu, akachora vibao vya piano kwa mkaa, na kila jioni akitoka shambani aliupiga. Watu walidhani amerukwa na akili. Kwamba siku moja walikuwa kwa mwenyekiti wa kijiji wanasikiliza redio, ukapigwa ule wimbo, mtangazaji akataja jina langu.

"Mimi nililia," Mwanaidi akasema. "Yeye akainua mkono tunyamaze. Akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniambia, akija, mwambie pale katikati amekosea."

"Hakusema lingine?"

"Hilo tu."

"Katikati wapi, shemeji?"

"Sijui. Alinionyesha mara nyingi kwenye ule ubao. Lakini ubao hauna sauti."

Sikuomba hata msamaha. Ningeomba kwa nani?

Sasa mimi ni mzee. Ule wimbo nimeurudia mara zisizo na idadi kutafuta nilipokosea. Nikibadilisha hapa, naona pengine ni pale. Nimeacha gitaa, haikusaidia. Nikikaa kimya unajipiga wenyewe kichwani, na ukifika katikati natokwa na jasho, maana nahisi kuna mtu anasikiliza na anatikisa kichwa. Mke wangu alinivumilia miaka mingi, mwisho akarudi kwao.

Wewe unayesoma, kama una mwenzio anayekuzidi kipaji, kubali akuzidi! Ukiulizwa kama ni wa kwenu, sema ndiyo. Ni neno dogo. Liseme akiwa bado amesimama mbele yako, maana mimi nimelisema peke yangu chumbani miaka yote hii, na hakuna wa kuitika.