Kioo Chekundu Ukutani kwa Mtani

Watu wananiambia nisamehe, maana aliyenikosea alishakufa na mimi mwenyewe siko mbali. Nawajibu kwamba wanaosifu msamaha migongo yao ni mizima. Mgongo wa mume wangu niliukanda kwa maji ya moto kwa mikono yangu hii, na nilipokuwa naukanda niliapa. Kwa hiyo nitaeleza jinsi nilivyolipiza, na sitajisingizia majuto.

Ilikuwa enzi ya Mjerumani. Upande wa Bigwa, chini ya milima, Mzungu mmoja alikuwa na shamba la mkonge, na ndani ya shamba ilipita reli nyembamba ya kushushia majani mpaka kiwandani. Matoroli yaliteremka yenyewe kwa mteremko, moja nyuma ya lingine, kila moja na mtu wake wa breki. Asubuhi ukungu wa Uluguru ukishuka mtu haoni hata mkono wake, na toroli la nyuma liliweza kulivaa la mbele. Mtu mmoja alivunjika mguu kwa namna hiyo. Ndipo Mzungu akafunga taa nyuma ya kila toroli, taa ya mafuta yenye kioo chekundu, na mbele ya kioo akaweka kibati. Ukivuta breki, waya hukiinua kile kibati, wekundu unaonekana, na mwenzako wa nyuma naye anavuta yake.

Mume wangu alikuwa mtu wa breki. Taa yake alirudi nayo nyumbani kila jioni, akakata utambi, akajaza mafuta, akafuta kioo. Kioo chenyewe kilikuwa na pengo kwenye pembe moja. Siku ya kwanza kilimkata kidole gumba, kovu likabaki, na tangu hapo hakukifuta bila kukitukana.

Juu yao kulikuwa na msimamizi. Alikuwa mtu wa huku huku kwetu milimani, ingawa alijivika kanzu na kuyavuta maneno kama aliyezaliwa pwani. Ukoo wake na ukoo wetu ni watani. Kwa asiyejua, mtani ana ruhusa ya kukutukana mbele ya watu, na kwenye sherehe yako anaweza kuingia akanyakua anachokitaka. Ukikasirika, aibu ni yako. Siku ya arusi yangu mtu huyo alininyakulia mtungi mpya, nami nikacheka, maana ndiyo ada.

Siku moja alizikusanya taa zote, akasema zinakaguliwa. Ya mume wangu ilirudi ndani ya gunia. Tulipoifungua nyumbani, kioo hakimo. Mume wangu alikuwa mnyoofu kupita kiasi, akaondoka alfajiri kwenda kusema ukweli, na wa kumwambia alikuwa msimamizi yule yule. Akamshika mkono mpaka kwa Mzungu, akasema huyu kauza kioo. Wakamlaza uwanjani pale kiwandani mbele ya wenzake, wakamchapa hamsa ishirini za kiboko, yaani mapigo ishirini na tano. Kisha akaambiwa Jumatatu taa iwe na kioo, kama haina atalazwa tena.

Wenzake walimleta nyumbani wakiwa wamembeba. Mama mkwe aliutazama ule mgongo, akaniambia waziwazi kwamba mwanawe akilazwa mara ya pili tutazika. Sikuhitaji kuambiwa.

Mimi ni msukaji wa mikeka, rangi nyekundu ya kutilia ukindu haikosi kwangu. Nilikwenda kwa mchinjaji nikaomba kibofu cha mbuzi, nikakiwamba kwenye tundu la taa kama ngozi ya ngoma, nikakipaka rangi mpaka kikakolea. Kwa macho kilipendeza sana. Tulipowasha taa, mwanga ukatoka na rangi ya uji wa mtama, halafu kibofu kikaanza kujikunja kwa moto na kutoa harufu ya nyama choma, hata mbwa wa jirani akaja kukaa mlangoni. Mume wangu, amelala kifudifudi, akacheka. Kicheko kikamtonesha mgongo, akalia. Nilikuwa sijawahi kumwona akilia. Nilimshuku msimamizi tangu lile gunia, na pale sikumwombea kifo. Nilitaka alie hivyo hivyo, kifudifudi.

Jumamosi msimamizi alikuwa anamwoza binti yake. Mikeka ya arusi alikuwa ameniagiza kabla ya mambo haya, na hakuona haya kutuma mtu kuidai. Mume wangu alinikataza nisiende. Nilikwenda.

Nikaingizwa chumba cha bibi arusi nitandike. Nilipokunjua mkeka, doa jekundu likaanguka katikati yake, nami nikadhani rangi yangu imechuja. Nikaligusa, likaruka juu ya mkono wangu. Nikainua macho. Juu ya dirisha, kwenye ukuta wa udongo, kilikuwa kimepachikwa kioo chekundu, jua linapita ndani yake, ili binti yake alale kama mtoto wa sultani. Pembe moja ilikuwa imezibwa kwa udongo. Niliupekecha kwa ukucha, na pengo likatokea.

Nilikaa kitako juu ya mkeka wangu, nikapima la kufanya. Mgongo wa mume wangu ulikuwa umegeuzwa pambo la chumba. Nikipiga kelele ya mwizi, atasema kakinunua kwa Mhindi mjini, na kabla ya jioni kioo kitakuwa kimefukiwa. Nikikiiba, mume wangu atakutwa nacho bila maelezo. Ilikuwa lazima kitoke kwa mlango wa mbele, watu wote wakitazama.

Nikajifunga kanga kiunoni, nikawaita wanawake wa ukoo wangu kutoka jikoni. Sikuwaambia kitu ila kwamba watani tumelala mno leo. Tukaanza kumwimbia msimamizi matusi, kanzu yake na kitambi chake na Kiswahili chake cha kuazima, na wageni wakavunjika mbavu. Nikachukua mwiko wa pilau, nikarudi chumbani nikakichokonoa kile kioo, nikatoka nacho uani nimekiinua juu ya kichwa. Msimamizi akasimama. Uso ulimbadilika, lakini watu walikuwa wanacheka, naye ikambidi acheke. Alicheka kwa meno tu.

"Mtani," aliniambia, "chukua jogoo. Chukua hata mbuzi. Hicho kioo niachie."

"Kwani ni chako?"

"Cha nani tena? Ni changu."

Nikawageukia wageni, nikawauliza kama wamesikia. Wakajibu wamesikia.

"Basi cha mtani ni changu," nikamwambia. "Na jogoo nitamchukua pia."

Nilimchukua kweli.

Jioni tukaitengeneza taa mlangoni kwetu. Nilikwangua mabaki ya kibofu, nikakiingiza kioo kwenye fremu yake, nikakunja vibati vya kukishikilia kwa mpini wa kisu, nikaziba pengo kwa nta ya nyuki. Kabla sijaliziba, mume wangu aliweka kidole gumba chake pale, kovu kwenye pengo. Akasema ndicho chenyewe. Nikavuta waya, kibati kikapanda, na wekundu ukamwagika ukutani. Aliogopa. Nilimwambia asiseme ila lililotokea.

Jumatatu nilimsindikiza, taa nimeibeba mimi kichwani kwa sababu mgongo wake haukuweza. Mzungu aliigeuza, akapitisha kidole kwenye pembe yenye nta. Vioo vile alivifunga mwenyewe, na kile chenye pengo alikijua. Akauliza kimetoka wapi. Mume wangu akajibu kwamba kimetoka arusini kwa msimamizi, na watu wa breki wote walikuwepo. Msimamizi akadakia kwamba ule ulikuwa utani tu, wanawake walimnyang'anya. Mzungu hakujua utani ni kitu gani. Aliuliza swali moja, kama kioo kilikuwa kwake. Watu wa breki, waliokuwa wamekula pilau yake juzi, wakasema ndiyo, na mwenyewe alisema ni chake.

Akalazwa pale pale. Wanawake wengine walijifunika nyuso kwa kanga. Mimi sikujifunika, nilitazama mpaka mwisho, na moyo wangu ulikuwa mtamu.

Lakini ada ina upande wa pili. Mtani wako akipatwa na shida ni wajibu wako kwenda, naye hawezi kukufukuza. Mchana ule nilioga, nikavaa kanga yangu nzuri, nikaenda kwake na kibuyu cha mafuta yaliyobaki ya kumpaka mume wangu mgongoni. Nilimkuta amelazwa juu ya mkeka wangu, na juu ya dirisha tundu limezibwa kwa matambara.

"Pole, mtani," nikamwambia, nikaketi kumpaka.

Mkono sikuuharakisha wala sikuulainisha. Akalia, kifudifudi, nami nilikaa pale mpaka mafuta yakaisha.