Asumini na foleni iliyoliwa na ng'ombe

DUTWA, Bariadi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, foleni ya duka la kijiji cha Dutwa imekwisha kunyooka. Imeanzia barazani, imepita mbele ya banda la fundi baiskeli, na mkia wake umefika barabara ya mabasi. Ila ndani ya foleni hiyo hakuna mtu hata mmoja.

Kuna mawe. Kuna tofali, kapu lililotoboka na jembe lisilo na mpini. Kuna katambuga moja ya mguu wa kushoto, ambayo mwenyewe, kwa habari zilizopo, yuko shambani anachuma pamba na mguu mmoja mtupu.

"Kila jiwe hapo lina mwenyewe," anasema Asumini binti Mustapha huku akifungua dirisha la mbao. "Wewe lihamishe tu uone. Watatokea kwenye mahindi kama kwale."

Asumini, mwenye umri wa miaka arobaini na minne, ndiye muuzaji pekee wa duka hili. Anauza sukari, sabuni, chumvi, mafuta ya taa, kanga na kaniki, vikiwapo. Na katika mwaka huu wa 1982, neno "vikiwapo" ndilo bidhaa ambayo haijawahi kuadimika.

Kabla hajamaliza kufagia, mteja wa kwanza amefika. Ni Thomasi, mkulima wa upande wa mashariki wa kijiji, fimbo begani, chupa tupu mkononi, na uso umekunjamana.

"Mafuta ya taa!"

"Mwangaluka, baba," anajibu Asumini.

"Nasema mafuta ya taa, mama! Tunakula gizani kama popo. Jana nimemlisha mke wangu ugali sikioni!"

"Mwangaluka, baba."

Msukuma anaweza kukataa chakula, na akibanwa sana anaweza kukataa hata kuoa. Salamu haiachi ikining'inia hewani. Thomasi anameza mate.

"Mwangaluka."

"Nyumbani mhola?"

"Mhola duhu, kwema tu."

"Na ng'ombe?"

"Ng'ombe nao mhola."

"Na yule mtamba wako aliyekuwa amegoma kula?"

Hapo uso wa Thomasi unafunguka kama mlango uliotiwa mafuta. "Amepona, mama! Juzi amekula majani, akala na kamba yake, akaitazama na kanga ya mke wangu!"

"Namshukuru Mungu. Sasa baba, mafuta hayajaja. Lori likiyaleta, utasikia."

"Haya, mama. Wabeja," anashukuru Thomasi, na anaondoka na chupa yake tupu, akitembea kama mtu aliyepewa kitu.

Hivyo ndivyo Asumini anavyofanya kazi. Dutwa wanasema amezaliwa na maji ya mtungi badala ya damu. Wengine wanaapa kwamba nyuki waliwahi kumwingilia dukani, akawasalimia, wakatoka mmoja mmoja kwa adabu, malkia akiwa wa mwisho. Mwenyewe akiyasikia hayo anacheka hadi anajifuta macho.

"Mimi mpole? Mwulizeni Uledi habari za sufuria."

Uledi ni mumewe, fundi baiskeli wa banda la jirani. Hainui kichwa kutoka kwenye gurudumu analolinyoosha. "Sufuria mbili," anasema. "Na mfuniko."

Wawili hao walitoka Ujiji wakifuata biashara ya baiskeli. Wakati ule mkulima wa huku akishauza pamba, kitu cha kwanza ni ng'ombe, cha pili baiskeli. Watu walipohamishiwa kijijini, Dutwa ikajaa, na Uledi akawa hapati nafasi ya kunywa chai. Siku hizi ana nafasi ya chai, ila tairi hakuna, na sukari ya chai hiyo inategemea foleni ile ile ya mawe. Kinachopeleka unga nyumbani ni posho ya Asumini, shilingi mia tatu kwa mwezi, ambayo msimu ukiwa mbaya huja kwa sura ya debe la mahindi.

Kazi hiyo alipewa na mkutano wa kijiji. "Tulimchagua kwa sababu hana ukoo hapa," anaeleza Mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Athanasi. "Tungemweka mtu wetu, shangazi zake wangemaliza sabuni kabla lori halijazima injini."

Lakini hata kwa muuzaji asiye na shangazi, uhaba una hasira zake. Msimu uliopita watu walipigana kwa ajili ya kanga. Mlango wa duka ulitoka na bawaba zake, na mzee mmoja alirudi nyumbani jino lake likiwa mfukoni. Serikali ya kijiji ikakaa, ikaamua: zikipigwa ngumi tena, hata moja, duka litafungwa, na mgawo wa Dutwa utapelekwa kijiji cha jirani, Sapiwi.

Sapiwi! Wanawake wa Dutwa walisema ni heri wafue kwa majivu kuliko kwenda kuomba sabuni huko wakichekwa. Asumini alijua duka likifungwa, nyumbani kwake moto utazimika kabla ya wengine.

Siku ya kujaribiwa ilikuwa Jumamosi ya wiki iliyopita. Lori lilikuja na sukari, sabuni na kanga, vyote kwa pamoja, jambo ambalo wazee walisimama kulitazama kama kupatwa kwa jua. Foleni ya mawe ilikuwa imepangwa tangu alfajiri. Wenyewe walikuwa wametawanyika kwenye vivuli wakisubiri dirisha lifunguliwe, na Ndugu Athanasi alikuwa amesimama barazani na kufuli jipya mkononi, ili kila mtu alione.

Miongoni mwa waliopanga alikuwa Milembe, bibi wa makamo ambaye binti yake alikuwa amejifungua juzi yake. Alihitaji sabuni ya kufulia nguo za mtoto na kanga ya kumbebea. Alifika akitoka kisimani, hakuona jiwe karibu, akang'oa majani mabichi, akasokota kata ya kichwani, akaiweka kwenye foleni, nafasi ya pili. Akaenda kupeleka maji.

Hapo ndipo walipopita ng'ombe wa Mihayo wakielekea lamboni kunywa maji.

Mihayo ni mfugaji mkubwa. Ng'ombe wake wa kwanza akifika majini, wa mwisho bado anaaga nyumbani. Naye mwenyewe ana sauti ambayo akikohoa Dutwa, Sapiwi wanaitikia "pole." Lakini asubuhi ile sauti haikusaidia kitu. Fahali aliligeukia kapu, wenzake wakamfuata, na kabla mtu hajasema "hoo," kwato zilikuwa zimeisambaza foleni nzima. Mawe yalikwenda kulia, tofali likaenda kushoto. Na ng'ombe mmoja mweupe akainama, akaiokota kata ya Milembe, akaanza kutafuna kwa utulivu.

Milembe alirudi akamkuta anamalizia kutafuna.

"Mayo we! Nafasi yangu imeliwa!"

"Mayu, mama, nani anaweka chakula kwenye foleni?" akauliza Mihayo.

"Na nani analeta ng'ombe dukani? Wanataka kanga?"

"Ng'ombe wangu wana ngozi zao!"

"Basi mkamue huyo sasa hivi anitolee nafasi yangu!"

Kama ingeishia hapo, ingekuwa kichekesho. Lakini wenye mawe nao walikuwa wamefika mbio, na kila mmoja alikuwa analiona jiwe lake karibu na mlango. Jiwe moja jeupe lilipata wenyewe watano. Wakaanza kusukumana. Fimbo zikapanda. Mihayo, ambaye asubuhi ile hakuwa ameweka hata kokoto, akapanda barazani akisema jiwe jeupe ni lake, na atahudumiwa yeye kwanza maana ng'ombe wanamsubiri.

"Panga foleni, baba," akasema Asumini, aliyekuwa ameanza kupima sukari.

"Wewe nani wa kunipanga? Mgeni wewe! Mke wa mziba pancha! Rudi kwenu ukapange dagaa!"

Umati ukasogea kusikiliza atajibu nini. Ndugu Athanasi akalifungua kufuli, tayari kulifunga duka.

Asumini anasimulia kwamba wakati ule mkono wake wa kulia ulikuwa umeshika jiwe la mzani, lile la kilo mbili. "Nilimwona paji la uso. Nikaona kabisa mahali litakapotua. Tena nilikuwa napaona vizuri, maana ni paji pana."

Na kwa nini halikutua?

"Nilimwona Uledi. Alikuwa amesimama mlangoni pa banda lake, amejifunika kichwa kwa mikono miwili. Ananijua. Nikaona aibu. Mkono ulishanyanyuka, haukuwa na pa kwenda, nikaliweka jiwe kwenye mzani."

Mzani wa duka ni ule wa sahani mbili unaoning'inia. Upande mmoja ulikuwa na sukari. Jiwe lilipotua upande wa pili, ukaanza kupanda na kushuka, kupanda na kushuka. Asumini akaukodolea macho. Watu nao wakautazama, maana mtu akikodolea kitu macho hivyo, huna budi kutazama.

"Ukitulia, nauza," akasema hatimaye. Sauti ilikuwa ndogo.

"Unatuchezea!" akafoka Mihayo.

Asumini akaigusa sahani kwa kidole. Mzani ukaanza upya.

"Haya jamani, lakini sisi..." akaanza mwingine.

Kidole. Mzani ukaanza upya.

"Nyamazeni ninyi!" akapiga kelele mama mmoja kwa nyuma, na kwa kelele hiyo sahani ikaguswa tena. Baada ya hapo watu walikuwa wanazibana midomo. Mtoto wa mgongoni alipolia, mama yake alimtumbukizia ziwa kwa kasi ya kufunga goli. Inasemekana hata nzi walitua.

Mzani ulipotulia, Asumini akainua macho.

"Mawe sitayauliza," akasema. "Nawauliza ninyi. Kila mtu aniambie aliyekuwa mbele yake. Mwenyewe asijitaje."

Wakatazamana. Kisha bibi kizee Nyanjige akajikohoza. "Mbele yangu alikuwa Milembe. Nilimkuta anasokota kata yake, nikamwambia majani hayo mabichi mno."

"Mbele yangu Domitila," akasema Milembe.

"Mbele yangu palikuwa na mlango tu," akasema Domitila, na watu wakaguna kukubali.

Basi ikaenda hivyo, mtu akimtaja mwenzake, na aliyetajwa akisogea mahali pake. Hakuna aliyebishana, maana ni vigumu kumkunjia ngumi mtu aliyetoka kukutaja. Foleni ikajijenga yenyewe hadi barabarani. Akabaki mtu mmoja pembeni.

"Na mimi?" akauliza Mihayo.

"Nani alikuwa nyuma ya Baba Mihayo?" akauliza Asumini.

Watu wakageuza shingo huku na huku.

"Mimi nilimwona," akasema Milembe.

"Nani, mayu?"

"Ng'ombe."

Kicheko kilichotoka hapo kilitikisa mabati. Mihayo alijaribu kukaza uso, ukamshinda, na mwisho akacheka naye, taratibu, kama tairi linalotoa upepo. Akashuka barazani akaenda mkiani. Fimbo zikashuka. Ndugu Athanasi akalirudisha kufuli mfukoni, na wanaodai kumwona wanasema aliketi chini hapo hapo kwenye vumbi, na kitambaa chake cha jasho kikakamuliwa kikajaza ndoo.

"Nilikuwa nimeshaingiza ufunguo," anakiri mwenyewe. "Sasa duka linabaki Dutwa. Nimeshawaambia wajumbe."

Milembe alipata sabuni na kanga, na mtoto akabebwa jioni ile ile. Zamu ya Mihayo ilipofika kilichobaki ni chumvi. Akainunua. "Ni sawa tu," akawaambia waliokuwa wakimchungulia. "Waliokula majani waache walambe na chumvi." Kisha, akiwa ameshageuka, akarudi dirishani, akamwita Asumini kwa jina la mwanawe. "Mama Siwema, yale ya dagaa, niliropoka."

"Nilisikia, baba. Kawasalimie nyumbani."

Alipofunga dirisha siku ile, Asumini aliingia stoo, akaketi juu ya magunia. Uledi alimkuta anacheka na kulia kwa zamu. Alimletea maji, akakaa naye.

"Watu wananiambia nimeua hasira," anasema sasa, akipanga miche ya sabuni iliyobaki. "Sijaiua. Naichelewesha tu. Salamu inaichelewesha, mzani unaichelewesha. Ikija kufika inakuta nimeshafunga duka."

Ana mpango. Kwenye mkutano ujao wa kijiji ataomba benchi, refu, la kutoka barazani hadi barabarani, ili watu wasubiri kwa kukaa wenyewe na kuachana na mawe. Uledi atapigilia misumari. Magogo ameyatoa Mihayo, na tayari mawili yamefika, yamekokotwa na maksai wake. Ndugu Athanasi ana wasiwasi kwamba watu wakikaa bega kwa bega muda mrefu watagombana hapo hapo walipokaa.

Asumini anatikisa kichwa. Hilo ameshalifikiria.

"Aliyekaa, ili apigane, lazima kwanza asimame," anasema. "Na Dutwa hii, Ndugu Mwenyekiti, ukisimama tu, mwenzako ameshasogea."